Kengele ya Bukene Isikike Hadi Visiwani

Msomaji wa Unguja au Pemba akiulizwa Bukene iko wapi, huenda akahitaji ramani. Ni mji mdogo wa wilaya ya Nzega, mkoani Tabora, kando ya njia ya reli iendayo Mwanza. Ni nchi ya mpunga, pamba na ng'ombe, na iko mbali na bahari kwa mamia ya kilomita. Hata hivyo, leo tunakusudia kuzungumza na wananchi wa Visiwani, na pamoja nao viongozi na watendaji wa serikali zetu zote mbili, juu ya jambo linaloifungamanisha Bukene na sisi. Jambo lenyewe ni vile visanduku vidogo vya umeme ambavyo huongoza mitambo mikubwa, hupiga kengele mambo yanapoharibika, na huipatia mitambo hiyo umeme wa akiba pindi umeme wa kawaida unapokatika.

Uhusiano wa pwani na Unyamwezi haukuanza jana. Katika karne ya 19 misafara ilivuka kutoka Unguja hadi Bagamoyo, ikapanda bara hadi Tabora, na kutoka hapo ikagawanyika: mmoja kwenda Ujiji, mwingine kaskazini kuelekea ziwani. Ilikuwa misafara ya pembe na nguo na, kwa fedheha ya historia, ya watumwa pia. Mbele ya msafara alitembea kirangozi mwenye bendera, na ngoma ikapigwa ili watu wa nyuma, wasiomwona kwa urefu wa mstari, wajue la kufanya. Wakoloni walipojenga reli, ikafika Tabora mwaka 1912 na Mwanza mwaka 1928, walifuata kwa sehemu kubwa nyayo za wapagazi wale. Na kazi ya ngoma haikwisha. Ilihamia katika kengele na taa za stesheni.

Leo ukanda huo umeingia katika zama nyingine. Mkataba wa reli mpya ya umeme kati ya Tabora na Isaka, kilomita 165, ulitiwa saini mwaka 2022, na njia yake inapita katika nchi hiyo hiyo ya Nzega. Katika wilaya hiyo hiyo, kwenye kijiji cha Sojo, kilifunguliwa Machi 2024 kiwanda cha kuyavika mabomba ngozi ya kuhifadhi joto kwa ajili ya bomba la mafuta ghafi litokalo Hoima, Uganda, hadi Chongoleani, Tanga. Bomba hilo lina urefu wa kilomita 1,443, na kati ya hizo kilomita 1,147 ziko katika ardhi ya Tanzania. Chongoleani iko ukingoni mwa bahari. Ng'ambo yake, upande wa pili wa Mkondo wa Pemba, wanaishi ndugu zetu wavuvi na wakulima wa mwani. Ndiyo sababu kisanduku kilichofungwa ukutani huko Nzega kinamhusu mtu wa Wesha na wa Mkoani.

Ni vyema tueleze kwa lugha nyepesi vifaa hivi hufanya nini, kwa maana jambo lisiloeleweka halidaiwi. Mafuta ya Uganda yana nta nyingi, yakipoa huganda. Kwa hiyo bomba lote limekusudiwa kubaki na joto la nyuzi zaidi ya 50, na kando yake zimelazwa nyaya za umeme za kulipasha moto, pamoja na mkonga wa mawasiliano unaopeleka habari za bomba na kusaidia kugundua uvujaji. Kuna vituo 6 vya kusukuma mafuta, 2 Uganda na 4 Tanzania, na vituo vingine zaidi ya 20 vya kupeleka umeme wa joto. Katika kila kituo kuna vipimo vya joto na msukumo. Vipimo hupeleka habari kwa moduli ya udhibiti, nayo huamua: ongeza, punguza, funga vali, simamisha pampu. Jambo likipita mpaka, moduli ya tahadhari huwasha taa na kupiga king'ora. Nyuma ya zote hizo ipo moduli ya umeme, ambayo huupokea umeme wa volti 230, huugeuza kuwa umeme mdogo wa moja kwa moja, mara nyingi volti 24, na wakati huo huo huchaji betri za akiba.

Katika utaratibu huo lipo somo moja ambalo tungependa kila mtendaji alikariri. Wahandisi walikubaliana zamani kwamba kipimo kinapotuma habari kwa waya, mkondo wa chini kabisa usiwe sifuri, bali uwe miliampia 4, na wa juu uwe 20. Kwa nini si sifuri? Kwa sababu sifuri ingekuwa na maana mbili: ama hali ni shwari, ama waya umekatika. Kwa kuanzia 4, kipimo hueleza muda wote kwamba kiko hai, na siku kikinyamaza kabisa, ukimya wenyewe ni taarifa. Vivyo hivyo saketi ya tahadhari iliyoundwa vyema hushikiliwa na umeme wakati wote wa usalama. Umeme ukikatika, rilei huachia na kengele hulia kwa nguvu ya betri. Wahenga wetu walilijua hili kabla ya wahandisi, waliposema kimya kingi kina mshindo mkuu. Tatizo ni kwamba katika ofisi zetu nyingi kimya huhesabiwa kuwa ni amani.

Tena kifaa hakiishi katika kitabu, kinaishi mahali. Bukene kuna vumbi la kiangazi, joto kali la Septemba na Oktoba, na radi za masika ambazo hupenya katika nyaya na kuunguza saketi kwa nukta moja. Mafundi wanajua kwamba betri ya risasi na tindikali iliyokusudiwa kufanya kazi katika nyuzi 25 hupoteza karibu nusu ya umri wake kwa kila nyuzi 10 zinazoongezeka. Maana yake ni kwamba betri iliyoandikwa miaka 10 kiwandani ughaibuni huenda isifike miaka 5 katika kibanda cha bati kisicho na kipoza hewa. Sisi wa Visiwani tuna adui mwingine, chumvi ya bahari, ambayo hula miguu ya saketi polepole hadi siku kifaa kinapohitajika. Mnunuzi asiyetofautisha hali hizi mbili, akaagiza kifaa cha aina moja kwa ajili ya Nzega na Chongoleani, amenunua sura ya usalama tu.

Wako watakaosema kuwa haya ni mambo ya wataalamu, na kwamba wananchi wasitiwe hofu. Sisi wa Visiwani hatuwezi kukubali maneno hayo, maana tumekwisha kulipa ada ya somo hili. Unguja ilipata umeme wa Bara kwa waya wa chini ya bahari uliotandazwa mwaka 1980 kati ya Ras Kiromoni na Fumba. Mei 2008 umeme ulikatika, na kisiwa kikakaa gizani kwa takriban mwezi mzima. Desemba 2009 ulikatika tena kwa hitilafu ya upande wa Fumba, ukarudi Machi 2010, baada ya miezi 3. Katika siku hizo pampu za maji zilisimama, akina mama wakabeba ndoo masafa marefu, wavuvi wakakosa barafu, na mwenye uwezo wa kununua jenereta akalala na feni ilhali jirani yake analala na kibatari. Waya mpya wenye uwezo wa megawati 100, uliogharamiwa na Marekani kupitia Millennium Challenge Corporation, ulifika mwaka 2013. Na Pemba ilikwisha kuunganishwa na Tanga mwaka 2010 kwa msaada wa Norway. Tunashukuru. Lakini mwananchi aliyepita katika giza lile anajua kwamba hitilafu ya mahali pamoja padogo inaweza kusimamisha maisha ya watu laki kadhaa, na kwamba muda wa mateso hupimwa kwa umbali uliopo kati ya hitilafu na fundi mwenye kipuri.

Dunia nayo imetoa ushahidi. Jioni ya tarehe 25 Julai 2010, bomba la mafuta la kampuni ya Enbridge lilipasuka karibu na Marshall, katika jimbo la Michigan, Marekani. Kengele katika chumba cha udhibiti zililia, tena si mara moja. Wasimamizi walizitafsiri kuwa ni dalili ya mapengo ya mvuke ndani ya bomba, jambo la kawaida, wakawasha pampu tena mara mbili na kuyasukuma mafuta katika ufa. Saa 17 zilipita, hadi mtu wa nje, mfanyakazi wa shirika la gesi la eneo lile, alipopiga simu kusema kuwa mafuta yamezagaa. Uchunguzi wa serikali ulikadiria kuwa zaidi ya lita milioni 3 zilimwagika na kuchafua Mto Kalamazoo, na kwamba sehemu kubwa sana ya mafuta hayo ilitoka baada ya pampu kuwashwa upya. Kifaa kilikuwapo, kengele ililia, na umeme haukukatika. Kilichokosekana ni sikio.

Miezi mitatu kabla ya hapo, tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa kuchimbia mafuta wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Meksiko na kuua watu 11. Fundi mkuu wa elektroniki wa mtambo huo alitoa ushahidi kwamba kengele kuu ilikuwa imezuiwa isilie yenyewe, ili watu wasiamshwe usiku kwa kengele za uongo. Chini baharini mtambo wa kuziba kisima ulikuwa na mifumo 2 ya udhibiti, mmoja ukiwa akiba ya mwenzake. Uchunguzi wa Bodi ya Usalama wa Kemikali ya Marekani ulionyesha kuwa mifumo yote miwili ilikuwa na nyaya zilizofungwa visivyo, na katika mmoja wapo kosa hilo lilikuwa limemaliza betri kabla ya ajali. Kwa hiyo anayetuambia kwamba mitambo ya kisasa ina ulinzi juu ya ulinzi tumjibu kwa adabu: ulinzi wa pili usiopimwa ni hesabu ya karatasini. Na ikiwa taifa lenye utajiri na wahandisi kama Marekani lilikutwa na betri iliyokwisha, sisi tuna haki gani ya kujiaminisha?

Hapa kwetu pia tumeonjeshwa, ingawa kwa upole. Treni ya umeme ilipoanza safari kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, haukupita muda mrefu kabla Shirika la Reli kueleza kuwa treni ilisimama njiani kwa sababu ya wanyama waliogusa nyaya za umeme. Watu wengi walicheka. Sisi hatukuona cha kuchekesha. Umeme wenye hitilafu ukikatwa mara moja, kinga imetimiza wajibu wake; aibu ingekuwa umeme kutokatika. Swali la maana ni lile lililofuata baada ya kukatwa: hitilafu iligunduliwa kwa muda gani, na nani, na kwa kifaa cha nani? Siku treni hiyo itakapopita Bukene usiku wa radi, swali litakuwa lile lile, na fundi wa karibu hapaswi kuwa Dar es Salaam.

Tusije tukaeleweka vibaya. Hatusemi kwamba mafuta yakimwagika Nzega yatafika Pemba. Hayatafika, yataharibu majaruba ya mpunga, malambo ya ng'ombe na visima vya watu wa Unyamwezi, na hilo peke yake latosha kutusikitisha, kwa kuwa wao ni wenzetu. Tunalosema ni kwamba mnyororo ni mmoja. Kampuni ni moja, taratibu za matengenezo ni zile zile, na tabia ya mtu wa zamu huko bara ndiyo itakayoonekana gatini Chongoleani, mahali palipopangiwa matangi makubwa na meli za kuja kupakia. Taasisi iliyozoea kunyamazisha kengele za Nzega kwa sababu zinapiga kelele, itazinyamazisha na za Chongoleani. Na hapo maji ya mkondo hayataangalia mpaka wa mkoa.

Kwa hiyo tunapenda kuyaweka mbele ya wahusika mambo matano.

Kwanza, vipuri. Bomba na reli hujengwa kwa makusudio ya kufanya kazi kwa miongo kadhaa, lakini moduli ya elektroniki huweza kuachwa kutengenezwa na kiwanda chake baada ya miaka 10 au 15. Mkataba usiotaja akiba ya moduli, na mahali zitakapohifadhiwa, ni mkataba wenye tundu. Akiba hiyo iwe karibu na kazi: Nzega au Tabora kwa mitambo ya huko, Fumba na Wesha kwa nyaya zetu, isiwe katika ghala la ng'ambo ambalo ufunguo wake ni barua pepe.

Pili, siri za mitambo. Michoro ya nyaya, programu zinazoendesha moduli na maneno ya siri ya kuzifungulia ni sehemu ya mali iliyojengwa. Shirika letu la TPDC lina hisa asilimia 15 katika bomba hili. Mwenye hisa asiyeweza kufungua kisanduku cha nyumba yake ni mpangaji. Serikali ihakikishe kwamba mambo hayo yanakabidhiwa kwa maandishi, na kwamba wapo Watanzania wanaoweza kuyasoma.

Tatu, mafundi. Kijana wa Bukene aliyefuzu VETA anaweza kujifunza kupima betri, kubadili moduli, kusoma mchoro na kujua kengele ya kweli na ya uongo. Hilo halihitaji muujiza. Linahitaji karakana yenye vifaa vya aina ile ile iliyoko kazini, na mwalimu aliyewahi kuvishika. Tunaiomba Mamlaka ya Mafunzo ya Amali ya Zanzibar nayo isibaki nyuma, kwa kuwa umeme wetu, pampu zetu za maji na bandari zetu vinategemea vifaa vya ukoo huo huo. Kazi ya ulinzi na kufyeka njia imekwisha kutolewa kwa wenyeji mara nyingi. Kazi ya ujuzi nayo itolewe.

Nne, majaribio. Betri haijulikani kwa kutazamwa. Hujulikana kwa kukatiwa umeme na kuachwa ibebe mzigo kwa saa zilizoandikwa. Kila kituo kiwe na daftari la majaribio, na katika daftari hilo liandikwe jina la kila aliyeizima kengele, saa aliyoizima na sababu yake. Wakaguzi wa NEMC na EWURA waanze ukaguzi wao kwa kuomba daftari hilo kabla ya kupewa chai. Ukaguzi wa kuarifiwa wiki mbili kabla, ambapo vumbi hufutwa na taa hupakwa rangi, hauna faida kwa mtu.

Tano, na hili ndilo letu hasa, habari ifike Visiwani. Chumba cha udhibiti kinapopata tahadhari ya kumwagika kwa mafuta gatini, tunataka kujua nani anapigiwa simu Pemba, katika dakika ya ngapi, na simu hiyo ikikosa kupokelewa anapigiwa nani mwingine. Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa ya Zanzibar iwe ndani ya mpango huo tangu mwanzo kama mshirika, pamoja na TASAC na mamlaka za mazingira za pande zote mbili. Na kutoka Kamisheni habari ishuke kwa masheha na wakuu wa madiko, ili mvuvi aliye baharini na mama aliye shambani kwa mwani wapate nafasi ya kuokoa nyavu na kamba zao. Zoezi la namna hiyo lifanywe kila mwaka mbele ya wananchi, wala lisiishie katika ukumbi wa hoteli wenye mabango.

Tunajua jibu litakalotolewa: fedha. Ni kweli kwamba vipuri vinavyokaa ghalani huonekana kama mtaji uliolala, na mtendaji anayebanwa na bajeti huvikata kwanza kwa kuwa havilalamiki. Lakini pindi tunapopiga hesabu, tuhesabu na upande wa pili. Usafi wa Mto Kalamazoo uligharimu zaidi ya dola bilioni 1. Giza la miezi 3 la Unguja lililipwa na watu wasiokuwa na dola hata moja, kwa samaki waliooza, cherehani zilizosimama na watoto waliosoma kwa kibatari. Gharama ya moduli na betri haiwezi kuwekwa katika mizani moja na hasara hizo. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na ukuta huu hujengwa kwa jasho la mnyonge.

Nchi yetu imejenga mengi ya kujivunia, na hatuna nia ya kuitia doa kazi ya wahandisi na vibarua waliochimba katika jua la Unyamwezi. Tunachodai ni kwamba heshima inayopewa bomba na injini siku ya uzinduzi, ipewe na kisanduku cha ukutani katika siku za kawaida ambazo hakuna kamera. Mawaziri wanaohusika wa pande zote mbili za Muungano watoe taarifa kwa Bunge na kwa Baraza la Wawakilishi juu ya mambo haya matano, moja baada ya jingine, kwa tarehe na kwa majina ya wenye dhamana. Wananchi wa Bukene wana haki ya kujua nani anaisikiliza kengele iliyo jirani na mashamba yao. Na wananchi wa Pemba wana haki ya kujua kwamba ikilia, nao wataisikia.